Pande Mbili za Sarafu ya Kilwa: Kusoma Fani ya Katalogi ya Mtandaoni

Waliogonga sarafu za shaba za Kilwa Kisiwani walitunga ubeti wa mistari miwili, wakaupa kila mstari upande wake. Upande mmoja una jina la mtawala, Ali bin al-Hasan. Upande wa pili una maneno ya Kiarabu yanayosema kwamba mtu huyo anamtegemea Mola mwenye fadhila. Maneno ya pande zote mbili yanaishia kwa sauti moja, yaani sarafu nzima ina vina. Wala halikuwa jambo la bahati. Watawala waliofuata waliiendeleza desturi hiyo, na pale jina jipya lilipokataa kina cha zamani, sifa ya Mungu ilibadilishwa ili ikubaliane nalo. Kwa kuwa sarufi ya Kiarabu inaruhusu kitenzi kimtangulie mtendaji au kimfuate, sentensi inakamilika hata ukianzia upande upi. Lakini lazima uigeuze sarafu. Usipoigeuza huna sentensi, na kina hukisikii.

Leo anayetaka kuichunguza sarafu hii halazimiki kusafiri. British Museum ya London, kama makumbusho mengine makubwa, imeiweka katalogi yake kwenye intaneti, na sarafu za Kilwa zimo. Mwanafunzi wa akiolojia aliyeko Mtwara anaweza kuikuza picha kwenye simu yake mpaka aone mikwaruzo ya shaba. Hilo ni jambo kubwa, na lolote nitakalosema hapa chini lisichukuliwe kuwa linalipunguza. Ninachotaka kukichunguza ni ukurasa wenyewe ambamo sarafu imewekwa. Ukurasa huo ni maandishi kama maandishi mengine. Una mpangilio na lugha, una msemaji au una pengo mahali pa msemaji, una mahali unapoanza na mahali unapokata. Una fani, na fani hiyo ndiyo inayoamua maudhui yapi yapite na yapi yabaki mlangoni.

Wahakiki wa Kiswahili wamefanya kazi kubwa juu ya fani ya shairi, ya riwaya na ya tamthilia. Ukurasa wa rekodi, ambao ndio maandishi ambayo mtafiti wa historia ya sanaa, wa akiolojia au wa Zama za Kati huyafungua asubuhi na kuyafunga usiku, haujapata mhakiki wake. Tunauchukulia kama dirisha tu. Naona wakati umefika wa kuutazama huo ukurasa wenyewe.

Tuisome rekodi ya kawaida ya sarafu. Inaanza na namba ya usajili. Inafuata aina ya kitu, jina la mtawala aliyeitoa, mahali ilipotengenezwa, tarehe, madini, mbinu, uzito, kipenyo, maandishi ya mbele, maandishi ya nyuma, na jinsi ilivyofika makumbushoni. Vitenzi ni haba. Nafsi ya kwanza haipo kabisa. Kila kisanduku kinasema kwa uhakika uleule: uzito, ambao mtu aliupima kwa mizani, na tarehe, ambayo wataalamu waliikisia baada ya mabishano ya miongo kadhaa, vimeandikwa kwa herufi za ukubwa mmoja, kimoja chini ya kingine. Hapa fani inaanza kusema jambo ambalo hakuna aliyelikusudia. Ulinganifu wa visanduku unamshawishi msomaji kwamba vilivyomo ndani navyo vinalingana kwa nguvu ya ushahidi.

Mara nyingi sehemu moja tu hutoka nje ya utaratibu huo, nayo ni maelezo ya mtunzaji, kama yapo. Hapo vitenzi hurudi. Hapo huja maneno ya kusitasita, huja majina ya watu waliobishana, na mara nyingine huja kauli kwamba rekodi ya awali ilikosea. Namshauri kila mwanafunzi aanzie huko chini, kisha apande juu kwenye visanduku akijua ni kipi kina mtu nyuma yake na ni kipi kimerithiwa tu kutoka kwenye daftari la zamani.

Turudi kwenye pande mbili. Katalogi hulazimika kuamua upande upi uitwe wa mbele na upi uitwe wa nyuma. Desturi hiyo ilijengwa na wataalamu waliolelewa na sarafu za Wagiriki na Warumi, ambazo kichwa cha mungu au cha kaisari kiliwarahisishia uamuzi. Sarafu ya Kilwa haina kichwa cha mtu. Ina maandishi huku na maandishi kule, na hayo maandishi yanategemeana. Katalogi inayaweka katika visanduku viwili tofauti, kila kimoja na tafsiri yake. Msomaji asiyejua Kiarabu anapata jina la mtu hapa na sala fupi pale, wala hakuna kinachomwambia kwamba sala hiyo ilichaguliwa kwa sababu ya sauti ya jina. Kila neno limehifadhiwa, lakini ubeti umepotea.

La kusisitiza hapa ni kwamba rekodi za sarafu zilizoandaliwa vizuri tayari zina kipimo kimoja kinachoziunganisha pande hizo: mwelekeo wa mihuri, unaotajwa kwa namba za uso wa saa. Ukiishika sarafu upande wa mbele ukiwa wima, kisha ukaigeuza, juu ya upande wa nyuma kunaelekea wapi? Kukielekea juu vilevile, huandikwa 12. Kukiangalia chini, huandikwa 6. Basi wabunifu wa fani hii walijua vizuri kwamba upande mmoja una uhusiano na mwingine, na wakautengenezea uhusiano huo mahali pake. Ila uhusiano waliouona ni ule wa nyundo na muhuri. Uhusiano wa sauti na sauti, ambao kwa fundi wa Kilwa ulikuwa na uzito wa kutosha kupangiwa maneno, haukupata kisanduku.

Kisanduku cha tarehe nacho kinastahili kusomwa polepole. Sarafu hizi hazina mwaka juu yake. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa kwa miaka na kuchapisha matokeo yake katika juzuu mbili mwaka 1974, alimweka Ali bin al-Hasan karibu na mwaka 1200. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu kisiwani Pemba, ikapatikana hazina ya sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, baadhi zikiwa na jina la Ali bin al-Hasan na zikifuata desturi ileile ya vina. Pamoja nazo zilikuwamo dinari chache za dhahabu kutoka nchi za mbali za Kiislamu, na dinari huandikwa mwaka. Kwa kuzitegemea hizo, watafiti Mark Horton, Helen Brown na wenzao waliweza kumrudisha mtawala huyo nyuma hadi karne ya 11. Zaidi ya miaka mia ilihama kwa sababu ya vitu vilivyokutwa vimelala pamoja.

Sasa itazame fani. Kanuni ya katalogi ni kitu kimoja, rekodi moja. Sarafu iliyopata umri wake kutoka kwa jirani zake inawekwa peke yake, na kile kisanduku cha tarehe kinatoa jibu la mwisho bila historia ya jibu. Tarehe ikibadilishwa, ile ya zamani hufutwa, na mtafiti aliyeinakili miaka mitano iliyopita hana namna ya kujua lini ilibadilika wala nani aliibadilisha. Katika kitabu kilichochapwa, kosa la mwaka 1974 linabaki palepale na kila mtu analiona. Ndivyo elimu inavyojulikana ilipita wapi. Katalogi ya mtandaoni inasahihishwa kimyakimya. Katika fani nzima ya rekodi, hili ndilo tatizo ninaloliona kubwa kuliko yote, kwa kuwa linaondoa mabishano, na elimu ya mambo ya kale haina mwili mwingine zaidi ya mabishano yake.

Nimeanza na sarafu kwa sababu ni ndogo na pande zake ni mbili tu. Lakini tatizo la pande mbili halikuanzia Kilwa. Katika maktaba ya monasteri ya St. Gallen, Uswisi, kuna ramani ya monasteri iliyochorwa mwanzoni mwa karne ya 9 huko Reichenau, kwa ajili ya abati Gozbert. Ni vipande vitano vya ngozi vilivyoshonwa pamoja, vyenye urefu wa sentimita 112 na upana wa sentimita 77.5. Mistari yake ni ya wino mwekundu, na ina maelezo zaidi ya 300 yanayotaja kanisa, mabweni, bustani ya dawa, nyumba ya tabibu, banda la kuku na mahali pa kutengenezea bia. Ndiyo ramani mashuhuri kuliko zote za usanifu wa Zama za Kati za Ulaya, na kila anayesoma historia ya majengo ya kitawa lazima akutane nayo.

Sababu ya kuwepo kwake hadi leo imo upande wa nyuma. Mwishoni mwa karne ya 12 mtawa mmoja alihitaji ngozi ya kuandikia maisha ya Mtakatifu Martin. Akaichukua ramani, akaikunja kama kitabu, akaandika. Nafasi ya nyuma ilipomwishia aligeukia upande wa mbele, akakwangua jengo moja kwenye pembe ya ramani, akamalizia hadithi yake hapo. Jengo hilo hatujui lilikuwa nini kwa hakika, kwa sababu ya sentensi za mwisho za maisha ya mtakatifu. Na bila maisha ya mtakatifu huenda ngozi yote ingekatwakatwa na kutumika kwa mengine. Upande uliouharibu mwingine ndio huohuo uliouokoa.

Ramani hii inapatikana bure katika maktaba ya kidijitali ya Uswisi iitwayo e-codices, iliyoanzishwa mwaka 2005 katika Chuo Kikuu cha Fribourg na kuanza na hati za St. Gallen zenyewe. Kazi yao ni ya hali ya juu. Picha ni safi kiasi kwamba mikunjo ya ngozi inaonekana kama makovu. Lakini itazame fani ya onyesho: pande hutolewa kama picha zinazofuatana, na ramani hulala kwenye kioo ikiwa imenyooka, kama mchoro wa mhandisi uliotandazwa mezani. Yule mtawa hakuiona hivyo. Aliishika ikiwa imekunjwa, akageuza kurasa. Ukitaka kujua alifanya nini lazima uchukue karatasi, uikunje, uandike upande mmoja "ramani" na mwingine "Martin", kisha uanze kuhesabu mikunjo. Nawashauri walimu wawafanyie wanafunzi wao zoezi hilo kabla ya kufungua kompyuta. Picha hizo zitasomeka kwa namna nyingine kabisa.

Kuna jambo ambalo e-codices inalifanya vizuri kuliko makumbusho mengi, nalo ni la fani vilevile: maelezo ya kitaalamu ya hati zake huambatana na jina la aliyeyaandika na mahali yalipotoka. Hati moja inaweza kuwa na maelezo zaidi ya moja, ya miaka tofauti, yakikaa pamoja bila mojawapo kufukuzwa. Msomaji anaona kwamba mtaalamu wa zamani alisema hivi na wa sasa anasema vile. Kwa mpangilio huo tu, bila picha mpya hata moja, sauti ya msemaji imerudishwa kwenye katalogi. Makumbusho yanayodai kwamba haiwezekani yaitazame Uswisi.

Kuna pia pale ambapo fani ya mtandaoni inaponya kile ambacho vitu vyenyewe vimeshindwa kukiponya. Maktaba ya mji wa Châteauroux, Ufaransa, ina hati ya karne ya 15 ya historia ya wafalme wa Ufaransa ambayo mtu aliikata picha zake ndogo za rangi na kuacha matundu kwenye kurasa. Picha zilizokatwa ziko Paris, katika maktaba ya taifa. Maktaba hizo mbili hazitarudishiana vitu. Lakini kwa kuwa zote zinafuata kanuni za pamoja za kubadilishana picha ziitwazo IIIF, wataalamu waliziweka picha juu ya matundu yake kwenye kioo, na msomaji anaweza kuzionyesha na kuziondoa apendavyo. Huo ni uhakiki uliofanywa kwa vitendo: fani inakiri jeraha na inakiri tiba kwa wakati mmoja. Ukurasa uliotobolewa haufichwi, na picha hairudishwi kana kwamba haikuwahi kukatwa.

Kutoka hapo nataka kuingia kwenye tabaka la chini zaidi la fani, ambalo watumiaji wengi hawalioni: namna vitu vinavyopewa majina ya kutafutia. Mwaka 1917 Charles Rufus Morey alianzisha katika Chuo Kikuu cha Princeton faharasa ya kadi za sanaa ya Kikristo. Swali lake lilikuwa moja: picha hii inaonyesha nini? Kadi zake hazikuuliza kama kazi ni nzuri au fundi wake ana kipaji. Zilieleza nani amesimama wapi, ameshika nini, na tukio lipi linaendelea. Ni lugha ya nomino, kavu kwa makusudi, na ukavu huo ndio uliofanya kadi iliyoandikwa kabla ya vita vya pili vya dunia isomeke leo bila kuona aibu ya mitindo iliyopita. Nakala za kadi hizo zilipelekwa Washington, Utrecht, Vatican na Los Angeles. Mwaka 2017 faharasa ilibadilishwa jina, ikawa ya sanaa ya Zama za Kati kwa jumla, na tangu Julai 2023 kila mtu anaitumia mtandaoni bila kulipa. Kabla ya hapo ilihitaji chuo chako kiwe kimelipia, na ni rahisi kujua ni vyuo vya mabara gani vilivyobaki nje.

Ndugu yake wa Ulaya ni Iconclass, mfumo uliobuniwa na Henri van de Waal wa Leiden na kuchapishwa kwa juzuu kati ya 1973 na 1985, baada ya kifo chake. Huu, kwa fani, unanivutia sana. Dunia yote ya picha imegawanywa katika makundi kumi, kutoka 0 hadi 9, na kila alama inayoongezwa kulia inabana maana. 7 ni Biblia. 73 ni Agano Jipya. 73D ni mateso ya Yesu. 73D6 ni kusulubiwa. Alama nne tu, na mtu wa Lisbon na mtu wa Budapest wanaelewana bila kutumia lugha ya yeyote kati yao. Ni fani yenye arudhi kali: hakuna neno la ziada, na nafasi ya kila alama ina maana.

Lakini arudhi kali huonyesha haraka ni nani hakutungiwa. Biblia ina kundi zima, la 7. Visasili na historia ya kale ya Wagiriki na Warumi vina kundi lao, la 9. Ukristo una 11. Dini nyingine zote za wanadamu, Uislamu ukiwemo, zimebanwa ndani ya 12, na jina la tawi hilo limetolewa kwa kukanusha: dini zisizo za Kikristo. Sisemi kwamba van de Waal aliwadharau wengine. Alitengeneza chombo cha kupangia picha za Ulaya Magharibi, na kwa kazi hiyo chombo ni hodari. Lawama inakuja pale chombo hicho kinapochukuliwa kama kipimo cha sanaa yote kwa sababu tu kiko tayari, ni cha bure na programu inakikubali.

Kwa mfano, msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya Kufi kwenye kibla yanayotaja mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107 wa Miladi. Ncha za herufi zake zinachipua majani. Hakuna mtu aliyechorwa, hakuna tukio, hakuna hadithi. Ukiiuliza kazi hiyo swali la Morey, inaonyesha nini, inakujibu kwamba haionyeshi kitu: inasema. Herufi ndiyo picha. Fani ya katalogi iliyozaliwa kutokana na watakatifu na manabii waliochorwa inalazimika kuchagua: ama iyapeleke maneno kwenye kisanduku cha maandishi, ama iyapeleke majani kwenye kisanduku cha mapambo. Kwa fundi wa Kizimkazi jani lilikuwa sehemu ya herufi. Ni mpasuko uleule wa sarafu, kwenye jiwe.

Chaguo za aina hii zipo pia kwenye maandiko. Ule mkusanyo wa maandiko ya Zama za Kati ulioanzishwa na Paul Halsall katika Chuo Kikuu cha Fordham mwaka 1996 umewasaidia wanafunzi wengi mno, na safari za Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, zimo kwa dondoo. Dondoo nayo ni fani. Ina mwanzo na mwisho ambao msafiri hakuuweka. Tena, kwa sababu za hakimiliki, mikusanyo ya namna hii huegemea tafsiri za zamani, na msomaji wa leo anaingia Kilwa ya karne ya 14 akiongozwa na Kiingereza cha miaka ya 1920.

Hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu zinatupa mfano ulio karibu zaidi nasi. SOAS, Chuo Kikuu cha London, inahifadhi mkusanyo mkubwa wa hati hizo na katalogi yake iko mtandaoni. Humo mna karatasi za William Taylor, mmisionari aliyefanya kazi Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, na ndani ya karatasi hizo mna mashairi ya Muyaka bin Haji. Nani mwenye hati hizo? Muyaka alitunga. Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyaandika kwa mkono wake, na bila yeye sehemu kubwa ya Muyaka tusingekuwa nayo. Taylor aliyakusanya na kuyafafanua. William Hichens akayatoa kitabuni mwaka 1940. Watu wanne, na kila mmoja ni mwandishi kwa maana yake. Katalogi yenye kisanduku kimoja cha mwandishi na kingine cha jina la mkusanyo itawapa nafasi za juu wawili, na desturi ya maktaba duniani kote ni kwamba mmoja wa hao wawili huwa ni yule aliyezipeleka karatasi Ulaya. Sikujua anaonekana ukimtafuta. Swali la uhakiki ni kwa nini atafutwe.

Na umbo la ubeti? Katika hati hizi ubeti wa utenzi kwa kawaida hujaza mstari mmoja au miwili, vipande vikitengwa kwa alama ndogo. Macho yanapita mlalo. Ukinakiliwa kwa herufi za Kirumi unawekwa mistari minne, na macho yanashuka. Rekodi itakayosema tu "utenzi, beti kadhaa" imelipita jambo hilo bila kuligusa, ilhali kwa msomaji wa ushairi hilo ndilo la kwanza kuuliza.

Kuhusu majengo nitasema kwa ufupi. Mradi uitwao Zamani, wa Chuo Kikuu cha Cape Town, ulioongozwa na Heinz Rüther, umeyapima magofu ya Kilwa na Songo Mnara kwa leza na kutoa mifano ya 3D. Ni hazina, hasa kwa mahali ambapo bahari inakula kuta. Fani yake ina msimamo pia: inayaonyesha majengo bila watu na bila maji kupwa na kujaa, ilhali Husuni Kubwa, kasri la Kilwa, ilijengwa juu ya mwamba ili itazame bahari na itazamwe na wanaotoka baharini. Anayeizungusha kwa kipanya aizungushe akijua hivyo.

Huko Uingereza na Wales kuna utaratibu wa kusajili vitu vya kale vinavyookotwa na wananchi, ulioanza mwaka 1997, na kwa umma mahali hasa kitu kilipopatikana hapaonyeshwi. Hutolewa mraba mpana tu, ili wezi wasiende kuchimba. Nautaja kwa sababu moja. Hiyo ni katalogi inayoficha, na inasema wazi kwamba inaficha na kwa nini. Katalogi nyingine zinaficha bila kujua, na hazisemi.

Makumbusho na vyuo vya Afrika Mashariki vitaendelea kujenga katalogi zao za mtandaoni. Ninavyoona, hatari kubwa ni kununua programu iliyokwisha kupangwa na kuanza kujaza visanduku kabla ya mtu yeyote kuuliza visanduku hivyo vilitungwa kwa ajili ya vitu gani. Yapo mambo machache ambayo hayana gharama kubwa: jina la aliyeandika rekodi na siku aliyoiandika; tarehe za awali ziachwe zionekane, pamoja na hoja iliyozibadilisha; mahali pa kueleza uhusiano wa upande na upande, wa kitu na vilivyokutwa nacho; na nafasi zaidi ya moja kwa watu waliotunga, walionakili, waliokusanya. Washairi, mafundi wa nakshi na walimu wa hati za Kiarabu waitwe mezani pamoja na wataalamu wa kompyuta, na waitwe kabla mkataba wa programu haujatiwa saini.